Kurudisha semi nyuma bila kubabaika

Dereva mpya akipewa semi, yaani kichwa chenye injini kinachovuta tela, hapa Tabora, safari ya Kaliua anaimudu. Jasho linamtoka getini kwa ghala la tumbaku, anapotakiwa kuingiza mkia kwanza huku makuli wakimtazama. Matingo niliowafundisha nawaanzisha hivi.

1. Unga kichwa na tela, kisha ujaribu. Rudisha kichwa taratibu mpaka pini, chuma kilicho chini ya tela mbele, iingie kwenye sahani ya kichwa inayobeba tela. Shuka na tochi uchungulie: pini imeshikwa sawasawa, na sahani imegusana na tela bila upenyo. Chomeka mipira ya upepo, nyekundu kwa nyekundu, njano kwa njano. Kabla hujapandisha miguu inayosimamisha tela, weka gia ya kwanza uvute kidogo, breki za tela zikiwa zimefunga. Tela likigoma, limeshika.

2. Tafuta uwanja mgumu, tela likiwa tupu. Panga madumu manne ya lita 20 yenye maji, upana wa mita nne. Hilo ndilo geti lako.

3. Rudi. Hapa tumia siku nzima, hata mbili. Nyoosha gari lote. Shika usukani chini kabisa: mkono ukienda kulia, mkia unaenda kulia, ukienda kushoto, mkia unaufuata. Zungusha kidogo tu. Tela likishaanza kukata kona, anza kurudisha usukani hapo hapo, maana ukingoja linyooke lenyewe litazidi kukunja. Likijaa kwenye kioo cha kulia, mkono uende kushoto. Kichwa kikikaribia kona ya tela usilazimishe, utakata mipira. Songa mbele, unyooshe, uanze upya. Kuanza upya mara tano si aibu hata kidogo.

Ukiweza kuchagua, ingilia kulia, upande uliokaa wewe, unaona mkia wote. Na anayekuelekeza awe mmoja. Mimi niliwahi kuwasikiliza wawili, kila mmoja na upande wake, nikavunja taa ya nyuma kwenye nguzo. Usipomwona kiooni, simama, shuka uangalie mwenyewe.

4. Ingia barabarani. Kona ya kushoto ichukue kwa upana. Tairi za nyuma hukata ndani, na ndani ndiko waliko wenye baiskeli. Mjini angalia na juu, matawi ya miembe. Kigoma, ukishuka kuelekea ziwani, weka gia ndogo ukiwa bado juu. Breki zikikanyagwa mfululizo hupata moto, hazishiki tena.