Somo: Kabla hujakata mti uani kwako nchini England

Wengi wetu tumekulia mahali ambapo kijana mwenye shoka huitwa asubuhi na kufikia adhuhuri mwembe umeshakuwa kuni. Ndiyo maana hushangaa kuambiwa kwamba huku mti ulio ndani ya ua wako unaweza kulindwa na sheria hata kama hati ya nyumba ina jina lako. Somo hili linahusu England peke yake, kwa kuwa Scotland, Wales na Ireland ya Kaskazini zina taratibu zao.

Hatua ya kwanza: uliza halmashauri. Kabla ya kumwita fundi, tafuta anwani yako kwenye ramani ya mipango miji katika tovuti ya halmashauri, au mwandikie afisa wa miti, ukiuliza mambo mawili: je, mti una amri ya ulinzi, ile inayojulikana kwa kifupi kama TPO, na je, nyumba imo ndani ya eneo la hifadhi (conservation area), yaani mtaa unaolindwa kwa majengo au historia yake? Amri hiyo haifi nyumba inapouzwa, kwa hiyo ukimya wa aliyekuuzia hautakuokoa.

Hatua ya pili: pima. Katika eneo la hifadhi, sheria hugusa mti ambao shina lake, likipimwa mita 1.5 kutoka ardhini, lina kipenyo kinachozidi milimita 75. Kipenyo cha mti uliosimama hakipimiki kwa rula, basi zungushia shina tepu ya fundi cherehani: mzunguko ukizidi takriban sentimita 23.5, umeingia. Mtofaa wangu, ambao kwa macho niliuona kijiti tu, ulitoa 31.

Hatua ya tatu: andika, kisha subiri. Kwa mti wa eneo la hifadhi unatoa taarifa na kungoja wiki 6. Halmashauri isipouwekea TPO katika muda huo, unaweza kuukata ndani ya miaka 2. Kwa mti wenye TPO unajaza ombi, ambalo halilipiwi ada, na uamuzi hutakiwa kutolewa ndani ya wiki 8. Eleza kazi hasa unayotaka kufanya na sababu yake. Kwa maoni yangu, kusema tu kwamba mti unakunyima mwanga ni hoja dhaifu, na anayedai mizizi imepasua ukuta aambatanishe ripoti ya mtaalamu. Ukikataliwa, una siku 28 za kukata rufaa.

Hatua ya nne: tazama juu. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 1981 inalinda kiota cha ndege kinachojengwa au kutumika, hata pale ambapo mti wenyewe hauna ulinzi wowote.

Maswali ya wanachama

Swali: Matawi ya mti wa jirani yamevuka ua na kuingia kwangu. Je, niyakate?

Jibu: Unaruhusiwa kuyakata hadi mpakani bila kuingia kwake, lakini matawi na matunda yake hubaki kuwa mali yake, na mti ukiwa na ulinzi, kibali ni lazima kwako pia. Anza kwa kubisha hodi.

Swali: Mti wangu wenye TPO umekufa. Nisubiri wiki zote hizo?

Jibu: Hapana. Toa taarifa ya maandishi siku 5 za kazi kabla, isipokuwa kuna hatari ya papo hapo, na upige picha, kwa sababu ukishtakiwa ni wewe utakayetakiwa kuthibitisha. Ila hakikisha kweli umekufa: mtu wa Pwani akiutazama mti mwezi wa Januari huona mfu mtupu, kumbe umepukutisha majani tu. Kwangua gome la kitawi kwa ukucha. Ukikuta ubichi wa kijani, mti uko hai. Mara nyingi pia utatakiwa kupanda mwingine badala yake.

Swali: Fundi aliyegonga mlango amesema jukumu lote ni lake. Nimwamini?

Jibu: Yeye anaweza kushtakiwa, na wewe uliyemruhusu vilevile, na kwa kuangamiza mti wenye TPO faini haina kikomo. Asiwashe msumeno kabla ninyi wawili hamjaisoma barua ya halmashauri.