Seli za mishipa ya limfu kutoka seli shina: usikimbilie VEGF-C

Mwanafunzi mgeni maabara kwetu, akitaka kutengeneza seli za mishipa ya limfu (ile inayoondoa maji mwilini kuyarudisha kwenye damu), huanza kwa kuuliza VEGF-C, protini inayokuza mishipa hiyo, iko friji gani. Namrudisha kwenye hadubini kwanza. Tazama koloni zako za seli shina (tunatumia iPS, zile zilizorudishwa utotoni kutoka ngozi au damu ya mtu mzima). Kingo ziwe laini, seli zimebanana. Koloni iliyoanza kulegea pembeni imeshachagua njia yake, itupe, usiihurumie.

Zitenganishe kwa Accutase (kimeng'enya) ziwe mojamoja, zipande kwenye sahani iliyopakwa Matrigel (jeli ya protini), na usiku huo wa kwanza zitilie Y-27632, dawa ya kuzuia seli zilizotenganishwa zisife, la sivyo asubuhi utazikuta zinaelea, zimekufa. Kesho yake weka vichocheo viwili, CHIR99021 mikromola 8 na BMP4 nanogramu 25 kwa mililita, siku 3, zigeuke mesodermi (tabaka la kiinitete linalozaa mishipa). Kisha, zielekee kuwa seli za mishipa, VEGF-A nanogramu 200 kwa mililita na foskolini mikromola 2, siku 2, ukibadilisha maji ya lishe kila siku. Sahani itachafuka kwa seli mfu. Kawaida hiyo.

Siku ya 6 zichuje kwa sumaku ukizishika kwa VE-kadherini, protini iliyo juu ya seli za mishipa. Wavivu huiruka hatua hii, halafu wanashangaa seli nyingine zimetawala sahani. Zilizochujwa zihamishie kwenye sahani iliyopakwa fibronektini (protini ya kushikia seli), na sasa ndiyo VEGF-C: anza na nanogramu 100 kwa mililita.

Kazi yenyewe ni kuthibitisha ulichopata. Watafiti Wigle na Oliver walionyesha mwaka 1999 kwamba panya asiye na jeni ya Prox1 haoti mishipa ya limfu kabisa, kwa hiyo PROX1, protini ya jeni hiyo kwa binadamu, lazima ionekane, tena ndani ya kiini cha seli. Rangi ikisambaa seli nzima, ishuku kingamwili yako inayobeba rangi kabla hujashangilia. Lakini hata PROX1 peke yake haitoshi, maana seli za ini zinayo. Alama nyingine mbili za limfu nazo ni hivyo hivyo: LYVE1 iko kwenye makrofaji (seli za kinga), podoplanini iko kwenye figo na mapafu. Mimi nataka zote 3 katika seli moja, pamoja na CD31, alama ya seli za mishipa yote. Pembeni weka seli halisi za limfu za ngozi na HUVEC (seli za mshipa wa damu wa kitovu) za kulinganisha, zipakwe rangi siku hiyo hiyo.

Picha za vijimirija kwenye Matrigel zinapendeza kwenye bango la mkutano, ila seli za mishipa ya damu nazo huchora vijimirija hivyo hivyo. Sisi watu wa Pwani matende hatukusimuliwa: dawa inaua minyoo, mshipa wa limfu walioharibu unabaki vile vile, na mguu ule unahitaji mshipa wa kuondoa maji, si wa kuleta damu.

Kabla ya kuzipandikiza hata kwa panya, pima OCT4, alama ya seli shina ambazo hazijageuka. Seli shina chache zikibaki zinaweza kuota teratoma (uvimbe wenye tishu mchanganyiko). Ukiiona OCT4, rudi kwenye sumaku.