Sauti safi yenye joto: kuandaa gitaa la umeme kwa baladi za roki

Juzi nilikuwa namsaidia mpiga gitaa aliyefungulia besi ya amplifaya hadi mwisho akitafuta joto, na bado gitaa lilivuma tu, noti hazisikiki. Joto hukaa kwenye sauti za kati na kwenye mkono wa kulia. Anza hivi.

1. Tyuni, kisha weka swichi kwenye pikapu (sumaku inayonasa mtetemo wa nyuzi) ya shingoni. Kwenye Stratocaster, pikapu za shingoni na katikati kwa pamoja zinapendeza sana ukichambua kodi uzi mmoja mmoja.

2. Chaneli safi. Besi 4, midi (sauti za kati) 6, trebo 5. Zima efekti zote.

3. Sasa gaini, yaani nguvu ya sauti inayoingia kwenye amplifaya, na hapa usiwe na haraka. Fungua volyumu ya gitaa yote, piga kodi ya E kwa nguvu ile ile utakayotumia kwenye kiitikio, na upandishe gaini hadi sauti ianze kukwaruza kidogo. Iache hapo. Kisha shusha volyumu ya gitaa hadi 7 hivi. Ukigusa nyuzi taratibu utapata usafi. Ukikaza mkono, sauti itanenepa bila kuchafuka.

Njia hii inafaa zaidi amplifaya za valvu (zile za taa za kioo). Nyingi za transista hukwaruza vibaya, kwa hiyo gaini iishie kabla ya hapo. Roland JC-120, amplifaya ya transista, imeundwa kubaki safi, usiilazimishe.

Volyumu ikishuka, trebo nayo hupungua, na waya mrefu huzidisha tatizo. Tumia waya wa mita 3 ukiweza, na toni ya gitaa iache 10 mpaka volyumu ikae sawa. Ndipo uishushe kidogo kidogo. Nyuzi nene zikinguruma hata gaini ikiwa chini, pikapu iko karibu nazo mno: ishushe kwa skrubu zake, robo mzunguko kwa wakati, ukisikiliza.

Unarekodi kwa kompyuta? Chomeka kwenye tundu la gitaa la kifaa cha kurekodia, lile lenye upinzani wa takriban megaomu 1. Tundu la laini (line) litakumezea trebo, halafu utahangaika na ekwalaiza bure. Na programu ya amplifaya isiyoigiza spika itasikika kama nyuki chupani, hata uifanyeje.

4. Kompresa, inayobana tofauti ya sauti kubwa na ndogo: uwiano 3:1, ichelewe kushika kwa milisekunde 30 hivi ili mguso wa piki upite, ipunguze desibeli 3 au 4. Zaidi ya hapo unaua mkono wako mwenyewe.

5. Dilei, yaani mwangwi unaorudia noti. Gawa 60,000 kwa mapigo ya dakika: wimbo wa mapigo 70 unapata milisekunde 857. Marudio mawili matatu, yasikike kwa mbali. Rivabu (mvumo wa chumba) ije baada yake. Korasi, efekti inayofanya gitaa moja lisikike kama mengi, mimi siweki; wapenzi wa miaka ya 1980 watanuna, lakini hutia ukungu kwenye noti ambazo mwimbaji anazihitaji ziwe wazi.

6. Ekwalaiza ya mwisho irekebishwe bendi nzima ikipiga. Kata chini ya hezi 100, punguza kidogo kati ya 250 na 300. Likibaki peke yake, gitaa litasikika jembamba. Usirudishe besi.