SOMO: Ripoti moja, wasomaji watatu (mfano wetu ni sumukuvu kwenye mahindi)

Wakuu, habari za mavuno. Kila ikifika mwezi wa sita maafisa ugani wenzangu wananitumia ripoti: "Kaka, nirahisishie hii iwe tangazo la kijiji, kesho nina mkutano." Nimechoka. Leo naandika mara moja, atakayeuliza tena nitamrushia uzi huu.

Sentensi ya mazoezi ni hii: "Nafaka ihifadhiwe ikiwa na unyevu usiozidi asilimia 13 ili kuzuia ukuaji wa fangasi wa Aspergillus wanaozalisha sumukuvu." Haina kosa. Bosi wangu wilayani anaielewa vizuri. Ibandike kwenye ubao wa ofisi ya kijiji, inakuwa pambo.

Hatua ya 1. Taja msomaji mmoja. "Jamii" si msomaji.

Hatua ya 2. Jiulize akimaliza kusoma atafanya nini. Mkurugenzi atapitisha fedha za maturubai au atakataa. Mkulima ataanua mahindi au atayaacha juani. Mama anayenunua debe sokoni ataingiza mkono kwenye gunia, au ataamini yaliyo juu tu.

Hatua ya 3. Badili kipimo, usiishie kubadili maneno. Mkulima hana mashine ya kupima unyevu, kwa hiyo asilimia 13 kwake ni hewa. Mpe chumvi: chukua chupa ya kioo yenye mdomo mpana na kifuniko, tia mahindi hadi robo, ongeza vijiko viwili vitatu vya chumvi kavu, funga, tikisa dakika moja, acha itulie robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kioo, mahindi bado mabichi.

Hatua ya 4. Katazo liseme kitu kiende wapi. Hapa ndipo nilipoharibu.

Mwaka wangu wa pili kazini niliandika kwa herufi kubwa: MAHINDI YENYE UKUNGU HAYAFAI KULIWA. Nilijisifu kwa ufupi ule. Baada ya wiki tatu nikapita kwa mama mmoja, nikakuta amechambua vizuri ajabu, mabovu yako kwenye debe lake peke yake. Nikampongeza. Akaniambia debe lile ni la kuku. Nikaenda kwa jirani yake, yeye kaloweka ya kwake, anatengeneza kimea cha pombe. "Bwana shamba, umesema yasiliwe. Mimi siyali, nayanywa." Sikuwa na jibu. Mimi nikisema "kuliwa" nina maana ya binadamu na mifugo. Wao walisoma ugali, na ndivyo nilivyoandika.

Tahadhari kwa hatua hii. Kwanza, kupika hakumalizi sumukuvu, liseme waziwazi, maana watu wanaamini moto unamaliza kila kitu. Pili, sumu hii inaua kuku, na ng'ombe akiila inapita hadi kwenye maziwa, taja kuku na ng'ombe kwa majina yao. Tatu, neno "ukungu": kwenye nyanda za juu ukungu ni ule wa asubuhi unaofunika mashamba. Andika rangi: punje za kijani, za njanonjano, nyeusi. Nne, usiishie kwenye rangi, kwa sababu mahindi yanayoonekana safi nayo yanaweza kuwa na sumu. Sasa hivi naandika: "Usile, usimpe kuku wala ng'ombe, usipikie pombe. Zika shimoni."

Hatua ya 5. Barua kwa mkurugenzi: Kumb. Na., YAH:, tatizo, ombi, kiasi cha fedha. Takwimu ziweke huku. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu Dodoma na Manyara. Mwaka 2004 mashariki mwa Kenya waliugua 317, wakafa 125. Namba hizi zinafungua mafaili. Kwa mkulima hazina kazi, atasema mahindi ya huko ndiyo mabaya.

Hatua ya 6. Msomee mtu kwa sauti, kisha muulize "sasa utafanya nini?" Usimuulize "umeelewa?" Ataitika kwa heshima tu.

MASWALI

Kijana wa Field: Kaka asante sana. Nimekuwekea ripoti ya mihogo kurasa 40, nirahisishie basi.
– Hatua ya 2. Lete jibu lake kwanza.

Kijana wa Field: Kwa hiyo ni Kiswahili chepesi tu?
– Umesoma hatua ya 3?

Mama Genge: Naona unawadharau wakulima, kama vile hawajui kusoma.
– Dada, walisoma vizuri kuliko nilivyoandika. Nimekiri kosa langu hadharani, unataka nipige na magoti?

Mdadisi: Nimewahi kusikia kipimo cha chumvi kinaonyesha asilimia 15 hivi, si 13. Huoni tangazo lako linamdanganya mkulima?
– Swali zuri kuliko yote, na uko sahihi. Ukirahisisha, kuna kitu unakidondosha, lazima ukijue. Kwa hiyo mstari unaofuata kwenye bango langu ni: "Chumvi isipoganda, anika tena siku nzima ya jua kali, ndipo ufunge." Asilimia zinabaki kwenye barua. Kama una mashine ya kupimia, linganisha utuletee majibu hapa.

Mpemba: Tuliletewa bango kutoka bara, "toa taarifa kwa mtendaji wa kijiji." Huku kwetu ni sheha! Watu walicheka, hakuna aliyesoma mstari wa pili.
– Hilo naliiba. Na kama mna bango la watoto, andikeni skuli.

Wa Makueni: Huku ukisema sumukuvu watakuuliza ni dudu gani, sisi ni aflatoksini. Na barua zetu ni KUH:, hiyo YAH: inakutambulisha ni Mtanzania kabla ya salamu.
– Karibu sana. Tangazo mnasomea wapi?
– Kwenye baraza la chifu. Linasikika zaidi ya kusomwa, kwa hivyo sentensi fupi.

Debe Tupu: Mifuko isiyopitisha hewa bei gani?
– Uliza duka la pembejeo. Ila mahindi mabichi humo yanaoza, usije ukasema hukuambiwa.

Debe Tupu: Nimeosha chupa ya jemu, nimefuata somo lako, chumvi yote imeganda. Mahindi yana wiki tatu juani!
– Chupa uliikausha?

Debe Tupu: Somo halikusema.
– Kweli, halikusema. Naongeza sasa hivi.