Ripoti ya kikundi bila kurushiana mafaili

Nina steshenari Ng'hong'hona, jirani na Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM), na wateja wangu wakubwa ni wanafunzi wenye kazi za kikundi. Wanakuja watano na flashi tatu, kila flashi na ripoti yake: "mwisho", "mwisho kabisa", "hii ndiyo". Halafu wanabishana mbele ya kompyuta yangu utangulizi uko kwenye ipi. Kuwaunganishia natoza, hela sikatai. Ila kama mna haraka, fanyeni hivi.

Mtu mmoja tu afungue waraka kwenye Google Docs, programu ya Google ya kuandikia mtandaoni. Akaunti ya Gmail inatosha, na ni bure. Kama mmeshaanza kwenye Word, msirudie: pandisheni faili kwenye Google Drive, stoo ya mafaili ya akaunti hiyo hiyo, mlifungulie kwa Docs. Majedwali yakagueni, huwa yanapinda.

Kabla hajamwalika mtu, aandike vichwa vya sehemu zote, na chini ya kila kichwa jina la mhusika. Hatua hii wengi wanairuka, na ndiyo inayoamua kama mtagombana. Docs inawaacha muandike wote kwa pamoja, kila mtu na kishale chake cha rangi, lakini haimzuii mtu kufuta aya ya mwenzake kwa kuwa tu hakuipenda. Kwa hiyo kubalianeni: sehemu yako andika, sehemu ya mwenzako pendekeza. Kwenye kompyuta bonyeza alama ya kalamu juu kulia, chagua Suggesting. Unachoongeza kitatokea kwa rangi, unachotaka kiondoke kitapigwa mstari, na mwenye sehemu ataamua akubali au akatae.

Kualika ni kwenye Share. Wengi wanatupa linki kwenye grupu la WhatsApp. Mimi siipendi njia hiyo. Linki ikiruhusu kuhariri, yeyote itakayemfikia anaingia, na asiyeingia kwa akaunti yake anaonekana kwa jina la mnyama. Unakuta kapibara anafuta hitimisho lenu na hamjui ni nani. Wekeni barua pepe za wenzenu moja moja. Mwalimu anayewasimamia mpeni ruhusa ya kutoa maoni tu.

Aliyerudi kwao, tuseme Mpwapwa huko ndani ambako mtandao unashika mpaka upande kilima, aandae mapema kabla hajaondoka mjini: kwenye programu ya simu abonyeze vidoti vitatu pembeni ya waraka, achague upatikane bila intaneti. Ataandika huko huko, na akipata mtandao kazi yake itajipandisha. Maandishi matupu hayali bando sana. Picha ndizo zinazokula, ziwekeni mwishoni.

Waraka ukivurugika, msipige kelele. Kwenye kompyuta ingia File, kisha Version history. Utaona nani alibadilisha nini na saa ngapi, na unaweza kurudisha toleo la jana. Hapo hapo ndipo wavivu wanapoumbuka. Kijana mmoja aliapa hapa kaunta kwamba sehemu ya tatu kaiandika yeye. Wenzake wakafungua historia: rangi yake ilikuwa ukurasa wa kwanza tu, kwenye jina lake, alipoongeza herufi ya katikati. Akanigeukia mimi, "Dada, mtandao ulikuwa unasumbua," utadhani mimi ndiye lekchara.

Wenye vikundi vya akiba au vya alizeti, kule Kongwa na kwingineko, tumieni Google Sheets, ndugu yake Docs wa majedwali ya hesabu, kwa mtindo huo huo. Mhazini ahariri, wanachama watazame. Kama katibu naye anaingiza michango, mwenye jedwali aingie Data, achague Protect sheets and ranges, afunge safu ya jumla ili asiiguse mtu mwingine.

Mkija kuprinti, leteni PDF, siyo Word. Kwenye Docs ni File, Download, chagua PDF. Word ikifunguliwa kwenye kompyuta nyingine fonti zinaweza kuhama, namba za kurasa nazo, kisha lawama zinakuja kwangu. Na ukifungua akaunti yako kwenye mashine yangu, toka kabla hujainuka kwenye kiti. Nikikuta umeiacha wazi nitaitoa mwenyewe, ila wakati mwingine foleni ni ndefu na anayekaa baada yako simjui.