Dume haingii kundini kabla ya Machi

Ndama wangu wa kwanza alizaliwa Septemba, na Septemba hapa Nachingwea majani yamebaki vijiti. Kiwele cha mama yake kilikuwa kimenywea, ukikamua unapata matone mawili ya maziwa. Ndama hakuiona Krismasi. Jirani yangu Msukuma alikuja kunipa pole, akauliza: "Mama, huyo dume alikuwa wapi mwezi wa kumi na mbili?"

"Alikuwa na wenzake, baba."

"Basi ndama alikufa siku ile."

Sisi Wamwera ni watu wa korosho na ufuta. Mitamba yangu sita niliinunua kwa pesa ya korosho nikidhani ng'ombe ni kufungulia zizi tu. Kumbe ni hesabu. Mimba ya ng'ombe ni kama siku 283. Dume akiingia kundini katikati ya Machi, ndama wa kwanza wanadondoka Krismasi, mvua imeshashika na majani ni mabichi. Mwisho wa Mei namtoa, nampa zizi lake na maksai mmoja wa kumliwaza. Dume mmoja mzima anatosha majike 25. Binti zake wakikaribia kupandwa, namuuza au nabadilishana na mtu wa mbali.

Jike aliyekonda hapati joto hata umletee dume wa maonyesho. Kwa hiyo mwezi wa pili nazunguka zizini napitisha kiganja ubavuni. Mbavu nikizihisi kwa kubonyeza kidogo, yuko sawa. Nikizihesabu nikiwa mlangoni, huyo anatengwa ale zaidi. Ndama nawaachisha wakifika miezi saba, yaani Agosti, ili mama apumzike kabla kiangazi hakijakaza.

Oktoba na Novemba, mimba ikiwa kubwa na machungio hayana kitu, nawaongezea pumba za mahindi na mashudu ya ufuta, na jiwe la chumvi halitoki zizini. Msimu wa korosho mabibo yamejaa chini; nayakata, nayaanika juani mpaka yakauke, nayachanganya na pumba. Usiwape yaliyolala kwenye ndoo siku mbili. Hayo yameshakuwa uraka, na ng'ombe aliyelewa si mzaha ukiwa wewe ndiye unayemfunga kamba.

Ugonjwa wa huku ni ndorobo, unaoletwa na mbung'o. Nao wapo, hasa mkipita msituni kwenda maji. Mwanzoni nilinunua dawa dukani, nikakisia uzito kwa macho, nikachoma. Ng'ombe akachangamka wiki mbili, kisha akarudi palepale. Dawa pungufu haiui vimelea, inavifundisha kuizoea. Sasa nazungushia utepe kifuani nyuma ya miguu ya mbele, nasoma kilo, ndipo ofisa mifugo anapima dozi. Na dawa ya kuogeshea inayoua kupe na mbung'o kwa pamoja nampulizia ng'ombe huku kijana wangu ameshika kamba: miguuni na tumboni ndiko nakazia, maana mbung'o huuma huko chini. Mgongo peke yake ni kumwaga pesa.

Usichanganye na ndigana kali, ugonjwa unaoletwa na kupe. Ya ndorobo hukondesha polepole, ukifunua kope ndani ni peupe, na mimba huweza kutoka. Ndigana huja na homa kali, tezi za chini ya sikio na mbele ya bega zinavimba, kisha pumzi inakuwa nzito. Hiyo usisubiri kesho.

Siku ya kuzaa kazi si nyingi. Kitovu nakichovya kwenye tincha ya ayodini, ndama anyonye dang'a, yaani maziwa ya kwanza, ndani ya saa sita, na kondo la nyuma lisipotoka kwa saa 12 namwita daktari, sivuti. Mimba ikitoka kabla ya wakati, usiishike kwa mikono mitupu: ugonjwa wa kutupa mimba unaingia hadi kwa watu, ndiyo maana maziwa kwangu yanachemshwa. Mitamba huchanjwa dhidi yake wakiwa na miezi mitatu hadi minane.

Kila Desemba dume huyo hunguruma usiku kucha nyuma ya boma lake, na kijana ananitazama kama vile mimi ndiye mkatili. Namwonyesha kalenda ya ukutani, tunakwenda kulala.