SOMO: Programu za kurekebisha na kutunza picha za familia (soma lote kabla ya kuuliza)

Wakuu, swali ni lile lile kila wiki: "naomba programu nzuri ya picha". Naandika mara moja. Atakayeuliza tena nitamrudisha hapa.

Kipimo changu ni kimoja. Siku programu ikifa, je, picha zako zitabaki mafaili ya kawaida ya JPG kwenye folda za kawaida, na tarehe na majina ya watu yakiwa ndani ya faili lenyewe? Kama hapana, achana nayo hata iwe na mbwembwe gani. Picasa ilipendwa na kila mtu, Google wakaachana nayo Machi 2016. Tarehe 1 Juni 2021 hao hao wakafunga uhifadhi wa bure usio na kikomo wa Google Photos, huduma yao ya kutunza picha mtandaoni. Leo unapewa GB 15, na hizo zinaliwa na barua pepe, Drive na picha kwa pamoja. Picha ya megapikseli 12 ina MB 3 hadi 5, kwa hiyo hata GB 15 zikiwa tupu kabisa utaingiza picha kama 3,700 tu. Mwenye watoto wawili anazimaliza haraka.

Ninazopendekeza: IrfanView kwa kutazama na kurekebisha kwenye Windows, digiKam kwa kupanga, Snapseed kwenye simu. Zote ni bure kwa matumizi ya nyumbani. GIMP nimeiacha makusudi. Ina uwezo mkubwa, lakini wewe unataka kukata pembe na kuongeza mwanga, si kusomea.

1. Tengeneza folda moja, iite Picha. Ndani yake weka mwaka, ndani ya mwaka weka tukio: 2024\2024-08-17 Harusi ya Mwanaidi. Anza na mwaka ili orodha ijipange yenyewe.

2. Chomeka simu kwa waya, ingia DCIM, kisha Camera, kopi. Nimesema kopi, sijasema kata. Waya ukilegea katikati ya kukata, picha inaweza kutoka kwenye simu bila kufika kwenye kompyuta. Linganisha idadi ya mafaili pande zote mbili, ndipo ufute.

3. Futa zilizotia ukungu na zinazojirudia.

4. Rekebisha nakala, usiguse picha asili. JPG hupoteza ubora kidogo kila ikihifadhiwa upya, na ukiikata ukaihifadhi kwa jina lile lile, kilichokatwa hakirudi. Kwenye IrfanView, dirisha la kuhifadhi lina mambo mawili ya kuangalia: ubora uwe 90 hadi 95, na tiki iwepo kwenye "Keep original EXIF data", la sivyo tarehe ya kupigwa picha inafutika. Kuzungusha tu tumia Shift+J, haipunguzi ubora. Inahitaji zile plugin za IrfanView zinazopakuliwa pembeni. Kwenye Snapseed, ingia mipangilio, weka ubora 95%, na ukubwa usipunguzwe.

5. Kwenye digiKam ingia Settings, Configure digiKam, Metadata, uhakikishe tagi na majina ya nyuso yanaandikwa ndani ya picha. Fanya hivyo KABLA ya kuanza kutaja watu.

6. Nakala. Hapa ndipo watu hulia, kwa sababu wanachanganya kuoanisha na kuhifadhi. Kuoanisha maana yake ni pande mbili kufanana: ukifuta huku, na kule kunafutika. Google Photos iko hivyo. Picha iliyokwisha kupanda mtandaoni, ukiifuta ndani ya app hiyo, inaondoka mtandaoni na kwenye simu pia. Ukitaka kuokoa nafasi ya simu tu, chagua kufuta kwenye kifaa, ambalo ni chaguo tofauti kabisa.

FreeFileSync, programu ya kunakili folda kwenda diski nyingine, nayo ina mtego wake. Ukichagua "Mirror", upande wa kulia unalazimishwa kufanana na wa kushoto. Weka kwa bahati mbaya diski mpya tupu kushoto na ile yenye picha kulia, ubofye bila kusoma: itafuta miaka yako yote kwa utiifu mkubwa. Tumia "Update", ambayo haifuti kitu upande wa pili. Kila mara bofya Compare kwanza, usome orodha. Ukiona alama za kufuta ambazo hukuzitarajia, simama.

Diski ziwe mbili. Zifomati kwa exFAT, kwa sababu FAT32 haipokei faili linalozidi GB 4 na video ya harusi itagoma. Moja ikae kwako ikiwa imechomolewa. Umeme ukirudi kwa kishindo huunguza kilichochomekwa, na mwizi wa laptop hachomoi diski akakuachia. Ya pili ikae kwa ndugu, nyumba nyingine. Kisha fungua picha kadhaa kutoka kwenye nakala, kwa kompyuta nyingine. Nakala ambayo haijawahi kufunguliwa usiihesabu.

7. Rudia kila mwezi.

---

mtoto_wa_town: Mkuu, kwa hiyo app ipi kali?

Mwandishi: Aya ya tatu.

mama_wawili: Asante kaka. Natumia iPhone, nikihamishia kwenye kompyuta picha zinakuja HEIC na hazifunguki. Nifanyeje?

Mwandishi: Swali zuri dada. Kwa picha zijazo, ingia Settings, Camera, Formats, chagua Most Compatible. Simu itapiga JPG moja kwa moja. Zilizopo tayari, tafuta mipangilio ya Photos, chini kabisa kuna Transfer to Mac or PC, weka Automatic. Simu itazigeuza yenyewe wakati wa kukopi kwa waya. Ila JPG zinakula nafasi zaidi, kwa hiyo kama simu yako ni ndogo tumia hii ya pili pekee.

kijana_msomi: Picasa kwangu inafanya kazi mpaka leo, acha kutisha watu.

Mwandishi: Sijasema imezimika, nimesema imeachwa. Tofauti utaiona ukibadilisha kompyuta. Marekebisho ambayo hujayahifadhi yako kwenye mafaili yaliyofichwa ya .picasa.ini, si ndani ya picha. Ukiihama bila kubofya Save kwenye folda zako, unahama na picha zisizo na marekebisho. Na picha asili zinakaa kwenye folda iliyofichwa ya .picasaoriginals. Usije ukaifuta ukidhani ni takataka.

Mlugaluga: Nimefuta picha zote Google Photos ili simu ipumue, sasa sizioni popote. Msaada wa haraka.

Mwandishi: Hatua ya 6 umeiruka. Fungua tupio ndani ya app. Zilizokuwa zimepanda hukaa humo siku 60. Rudisha sasa hivi, usome baadaye.

bintiTanga: Picha nyingi za familia ninazo kupitia kundi la WhatsApp. digiKam inazipanga tarehe za ajabu. Kuna njia ya kuzirekebisha, au ndiyo basi?

Mwandishi: Ipo. WhatsApp hupunguza picha na kuondoa taarifa za ndani, tarehe ikiwemo. Lakini jina limebaki: IMG-20230412-WA0007 ni tarehe 12 Aprili 2023, siku ilipotumwa, si lazima siku ilipopigwa. Ziweke folda moja kwa kila siku, pakua ExifTool, programu ya kubadilisha taarifa za ndani ya picha, kisha kwenye dirisha la amri (Command Prompt) andika hivi, ukiweka folda yako mahali pa neno folda:

exiftool "-AllDates=2023:04:12 12:00:00" folda

Inaacha picha za awali zenye _original mwishoni mwa jina, zifute ukisharidhika. Na kuanzia leo waambie ndugu watume picha kama dokumenti, zitafika nzima na tarehe yake.

Jembe_la_Kale: Nimeona flashi ya 2TB bei ya chakula cha mchana. Ninunue ya akiba?

Mwandishi: Bei yenyewe imekujibu. Nyingi ni za GB chache zilizodanganywa kuonyesha ukubwa. Zikijaa, zinaandika juu ya picha za mwanzo, na orodha ya mafaili bado inaonekana nzima. Flashi yoyote mpya ipime kwa programu ya H2testw kabla ya kuweka kitu.

bintiTanga: Nimefanikiwa kaka, zimejipanga! Swali la pembeni: albamu za bibi, zile za plastiki yenye gundi, picha zimeganda.

Mwandishi: Usivute kwa kucha. Pitisha uzi wa kusafishia meno nyuma ya picha, taratibu, kama unakata mbao kwa msumeno. Ikikataa, iskani ikiwa hapo hapo kwenye ukurasa, nailoni umeifunua. Picha za kawaida dpi 300 (nukta kwa kila inchi) zinatosha kuchapa ukubwa ule ule. Za pasipoti weka 600. Futa kioo cha skana kwa kitambaa kikavu, vumbi dogo linatoka kubwa.

mama_wawili: Na maandishi ya nyuma?

Mwandishi: Skani nyuma pia, ipe jina lile lile ukiongeza -nyuma. Kama hakuna maandishi na bibi yupo, muulize majina wiki hii, uandike kwa penseli laini pembeni. Kalamu ya wino hapana, inapenya mbele.